Kupima nitrojeni ya udongo na maji maabara: mwongozo kamili kuanzia shambani hadi kwenye ripoti

Mkulima anapofika maabara na mfuko wake wa udongo akaomba apimiwe nitrojeni, jambo la kwanza linalomfaa si jibu bali swali: nitrojeni ipi? Tuseme shamba lake la mahindi lina nitrojeni jumla ya asilimia 0.157. Katika sentimita 20 za juu, ambazo kwa hekta moja zina udongo wa takriban kilo 2,600,000, hiyo ni zaidi ya kilo 4,000 za nitrojeni, na bado mahindi yake yanaweza kuwa ya manjano kuanzia majani ya chini. Udongo huohuo ukipimwa nitrati unaweza kutoa kilo 39 tu kwa hekta. Namba zote mbili ni sahihi. Ya kwanza ni akiba iliyofungwa ndani ya mboji, ambayo bakteria huifungua kidogo kidogo, na ya pili ni ile ambayo mizizi inaweza kuichukua wiki hii.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha kifaa chochote, amua unachotafuta. Nitrojeni jumla hupimwa ili kujua hali ya udongo kwa miaka, na njia yake iliyozoeleka ni ya Kjeldahl. Amonia na nitrati za udongo hupimwa ili kukadiria mbolea ya msimu, nazo hutolewa kwa kutikisa udongo mbichi katika maji ya chumvi ya kloridi ya potasiamu. Kwa maji ya kisima au mto, kinachoulizwa mara nyingi ni nitrati, kwa sababu ya afya ya watoto wachanga, na amonia, ambayo ni dalili ya uchafu wa karibuni. Njia ya kuunguza sampuli ndani ya mashine, iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Baptiste Dumas, ni ya haraka na haitumii asidi, lakini inahitaji mashine ghali na mitungi ya gesi safi isiyokatika, na ndiyo maana mwongozo huu unabaki kwenye njia ambazo maabara ya kawaida ya wilaya au ya chuo inaweza kuziendesha.

Kuchukua na kutunza sampuli

Makosa mengi niliyowahi kuyafuatilia hayakuanzia kwenye mashine; yalianzia shambani au njiani. Chukua udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 kutoka sehemu 15 hadi 20 kwa kupita shamba kwa mstari wa kupindapinda, ukikwepa mahali palipolazwa ng'ombe, palipokuwa na lundo la samadi au palipochomwa masalia. Changanya katika ndoo safi ya plastiki na ubakize kama kilo moja. Kamwe usitumie mfuko uliowahi kubeba urea, hata ukiwa umefuliwa. Urea ni nitrojeni kwa asilimia 46, na punje chache zilizojificha kwenye mshono zinatosha kuharibu matokeo ya amonia na nitrati ya shamba zima.

Gawanya sampuli mara mbili. Sehemu ya kupimia nitrojeni jumla ianikwe kivulini juu ya karatasi safi hadi ikauke kwa hewa. Sehemu ya kupimia amonia na nitrati isianikwe kabisa, kwa kuwa kukausha kwenyewe huongeza amonia. Ifungwe kwenye mfuko wa plastiki, iwekwe kwenye boksi lenye barafu, na itikiswe kwenye maji ya chumvi ndani ya saa 24. Mfuko ulioachwa siku mbili kwenye buti la basi la kutoka Mbeya unaendelea kufanya kazi: amonia inageuka kuwa nitrati, na udongo ukiwa umeloa sana, nitrati nayo hupotea hewani kama gesi. Kama safari ni ndefu, ipo njia ninayoipenda zaidi. Pima uzito wa chupa zenye mililita 50 za maji ya chumvi ukiwa maabara, nenda nazo shambani, tia udongo humo papo hapo, kisha upime uzito tena ukirudi. Tofauti ya uzito ndiyo udongo wako. Kuchukua chupa kwenye boksi la barafu ni kazi ya ziada, lakini udongo ulioingia kwenye chumvi kali haubadiliki upesi kama ulio mfukoni.

Nitrojeni jumla kwa njia ya Kjeldahl

Johan Kjeldahl alitangaza njia hii mwaka 1883 akiwa katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, akitafuta protini katika nafaka za kutengenezea bia. Msingi wake haujabadilika: asidi kali na moto huvunja mboji, nitrojeni yote ya mboji hugeuka kuwa chumvi ya amonia, kisha magadi makali huifukuza amonia hiyo ikanaswa na kupimwa. Kumbuka kwamba kwa namna yake ya kawaida njia hii haikusanyi nitrati. Katika udongo mwingi upungufu huo ni mdogo mno, lakini udongo uliotoka kuwekewa mbolea ya nitrati unahitaji namna iliyorekebishwa, ambamo asidi ya salisiliki hutiwa kwanza ili kuishika nitrati.

Kwanza, twanga udongo uliokauka kwenye kinu, upitishe kwenye chekeche la milimita 2, kisha uchukue gramu 20 hivi na kuzisaga hadi zote zipite chekeche la milimita 0.5. Hatua hii ya pili hurukwa na wengi, nayo ndiyo inayoamua kama gramu moja utakayoipima inawakilisha shamba au inawakilisha kipande kimoja cha mzizi.

Pima gramu 1.000 na uitie kwenye neli kavu ya kumeng'enyea. Udongo mweusi wenye mboji nyingi unatosha nusu gramu. Ongeza mililita 2 za maji yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na mvuke wake kupozwa, na uache dakika 30, hasa kwa udongo wa mfinyanzi, ili chembe zilizoshikana ziachane. Tia gramu 1.1 za mchanganyiko wa kichocheo, ambao ni salfeti ya potasiamu sehemu 100, mrututu (salfeti ya shaba) sehemu 10 na seleniamu sehemu 1 kwa uzito, zikiwa zimesagwa pamoja. Seleniamu ni sumu, kwa hiyo mchanganyiko usagwe ukiwa umevaa barakoa na glavu. Kisha, ndani ya kabati la kufyonzea mvuke, ongeza mililita 3 za asidi ya salfuriki iliyokolea, ukizungusha neli ili asidi isafishe udongo ulioganda shingoni. Katika kila kundi weka neli mbili za blanki, yaani zenye kila kitu isipokuwa udongo.

Pasha moto polepole hadi maji yaishe na povu litulie. Ukiharakisha hapa, povu litapanda na kumwagika, na sampuli itakuwa imekwisha. Baada ya hapo pandisha joto hadi kati ya nyuzi 360 na 380 za Selsiasi. Kazi ya salfeti ya potasiamu ni kupandisha kiwango cha kuchemka cha asidi ili joto hilo lifikiwe. Chini yake mboji ngumu haivunjiki yote, na ukizidi 400 amonia huanza kukukimbia. Kimiminika cheusi kitakuwa cha kahawia, kisha cha njano, na mwishowe kitabaki cheupe chenye kijani hafifu cha mrututu, na mchanga mweupe chini. Usizime hapo. Kuwa angavu si kumaliza, kwa kuwa ziko aina za nitrojeni ambazo huvunjika baadaye, na ndiyo maana huachwa kuchemka taratibu kwa saa nyingine kadhaa, hadi 5, mvuke wa asidi ukiganda kwenye theluthi ya chini ya shingo ya neli. Umeme ukikatika katikati, acha neli zipoe zenyewe, funika, na umeme ukirudi anza kuhesabu upya muda wa baada ya kung'aa. Kujumlisha vipande vya muda hakufai, kwa sababu jiko huchukua muda mrefu kurudi kwenye joto lake.

Neli zikipoa, na zisiwe zimeganda kabisa, ongeza maji mililita 20 kidogo kidogo. Maji yakimwagwa juu ya asidi iliyo moto hulipuka na kuruka usoni. Hakuna njia ya mkato katika hili, na miwani haivuliwi.

Sasa kuna kukeneka. Pitisha mvuke mtupu ndani ya kifaa kwa dakika 10 ili kukisafisha. Weka mililita 10 za asidi ya boriki ya asilimia 2, yenye kiashiria cha bromokresoli ya kijani na methili nyekundu, kwenye chupa ya koni chini ya mrija wa kupozea, na hakikisha ncha ya mrija imezama ndani yake. Tia sampuli kwenye kifaa, kisha mililita 20 za hidroksidi ya sodiamu ya molari 10, ambayo ni gramu 400 kwa lita. Watengeneza sabuni huiita kostiki. Kimiminika kikiwa cha kahawia nzito au cheusi, magadi yametosha. Kikibaki cheupe, hayajatosha na amonia haitatoka. Matone ya kwanza yakifika, asidi ya boriki itageuka kutoka rangi ya zambarau hadi kijani mbele ya macho yako. Kusanya mililita 35 hivi, shusha chupa ili ncha ijisafishe kwa dakika moja, halafu utitireti, yaani udondoshe kidogo kidogo huku ukihesabu mililita, kwa asidi ya hidrokloriki ya molari 0.01 hadi waridi hafifu irudi. Nguvu ya asidi hiyo ithibitishwe kwa kaboneti ya sodiamu iliyokaushwa. Maandishi ya kwenye chupa si kipimo.

Hesabu ni hii: asilimia ya nitrojeni ni tofauti ya mililita za sampuli na za blanki, mara molari ya asidi, mara 1.4007, gawanya kwa gramu za udongo. Sampuli ikitumia mililita 11.6 na blanki 0.4, tunapata 11.2 mara 0.01 mara 1.4007, yaani asilimia 0.157. Udongo uliokauka kwa hewa bado una maji kidogo. Kama tanuri la nyuzi 105 limeonyesha asilimia 4 za maji kwa uzito mkavu, zidisha kwa 1.04 na upate 0.163.

Kujua kama mashine inasema kweli

Tayarisha mmumunyo wa salfeti ya amonia wenye gramu 0.4717 kwa lita. Mililita 10 zake zina miligramu 1 ya nitrojeni, na zikikenekwa bila kumeng'enywa lazima zitumie mililita 7.14 za asidi ya molari 0.01, ukiondoa blanki. Tayarisha pia glisini, gramu 0.536 kwa lita. Mililita 10 zake zipitie mmeng'enyo wote na zitoe jibu hilohilo. Ukipata kamili kwa salfeti na pungufu kwa glisini, tatizo liko kwenye jiko. Zote mbili zikipungua, tafuta mpira uliolegea kwenye kifaa cha kukenekea au asidi iliyobadilika nguvu. Jaribio hili linaokoa siku nzima ya kubishana.

Blanki nayo isipuuzwe. Katika maabara moja niliyofanya kazi, blanki ilipanda kutoka mililita 0.4 hadi 1.3 kila Jumatatu na Alhamisi, na siku nyingine ilikuwa salama. Tulibadilisha asidi, tukabadilisha maji, tukalaumiana. Mwishowe mwenzetu mmoja alikumbuka kwamba siku hizo ndizo sakafu ilipopigwa deki, na sabuni ya deki ilikuwa na amonia. Asidi ya boriki iliyokuwa wazi mezani ilikuwa ikiinywa hewani. Tangu hapo chupa zinafunikwa na deki inapigwa jioni.

Amonia na nitrati za udongo

Yeyusha gramu 149.1 za kloridi ya potasiamu na ukamilishe lita moja. Huo ndio mmumunyo wa molari 2. Pima gramu 10 za udongo mbichi uliochekechwa kwa mkono, tia mililita 50 za mmumunyo, tikisa kwa mashine saa moja, uache utuame na uchuje. Karatasi za kuchujia zenyewe mara nyingi huwa na amonia, kwa hiyo zioshe kwanza kwa mmumunyo uleule, na blanki zipite kwenye karatasi za pakiti ileile. Kama hupimi siku hiyo, gandisha maji yaliyochujwa. Kipande kingine cha udongo uleule kiende tanuri kupimwa unyevu.

Amonia hupimwa kwa rangi ya buluu inayotokea inapokutana na salisileti, nitroprusidi na hipokloriti katika hali ya magadi. Acha rangi ikomae kwa saa moja gizani, kisha usome kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na rangi, karibu na nanomita 655. Miyeyusho sanifu, yaani ile ya kulinganishia yenye kiwango kinachojulikana, itengenezwe kutokana na kloridi ya amonia, gramu 3.819 kwa lita ikiwa ni miligramu 1,000 za nitrojeni, na ipunguzwe nguvu kwa mmumunyo uleule wa kloridi ya potasiamu. Isipunguzwe kwa maji, maana chumvi hubadilisha rangi. Buluu ikitoka dhaifu hata kwenye miyeyusho sanifu, shuku hipokloriti kwanza. Dawa ya klorini ya kufulia iliyokaa miezi kwenye duka lenye joto huwa imepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Nitrati haitoi rangi yenyewe. Lazima kwanza igeuzwe nitriti, ambayo hutoa waridi kali linalosomwa kwenye nanomita 540. Njia ya zamani hutumia safu ya kadimiamu iliyopakwa shaba, na njia mpya zaidi hutumia kloridi ya vanadiamu. Naelemea kwenye vanadiamu, kwa kuwa kadimiamu ni sumu ambayo maabara nyingi hazina pa kuitupa. Ukitumia safu, kila siku pitisha nitrati na nitriti za kiwango kimoja na ulinganishe. Nitrati ikianza kutoa rangi pungufu, safu imechoka na inahitaji kufufuliwa.

Hapa hesabu hukosewa kwa sababu udongo mbichi una maji yake. Gramu 10 zenye unyevu wa asilimia 20 kwa uzito mkavu ni gramu 8.33 za udongo na 1.67 za maji, kwa hiyo kimiminika chote ni mililita 51.67. Sampuli ikisoma miligramu 2.50 kwa lita na blanki 0.10, nitrojeni ya nitrati ni 2.40 mara 51.67 gawanya kwa 8.33, yaani miligramu 14.9 kwa kilo. Kwa sentimita 20 za udongo wa uzito tuliotaja mwanzoni, hizo ndizo zile kilo 39 kwa hekta.

Nitrati katika maji ya kisima

Suuza chupa ya plastiki mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, ijaze, iweke kwenye barafu na upime ndani ya saa 48. Ikiwa itakaa zaidi, tia asidi ya salfuriki hadi pH ishuke chini ya 2. Hapo utapata jumla ya nitrati na nitriti tu, na nitriti peke yake ipimwe kwenye chupa isiyotiwa asidi.

Kwa maji angavu, maabara yenye spektrofotomita ya miale ya urujuanimno inaweza kutumia njia nyepesi sana. Chuja, chukua mililita 50, ongeza mililita 1 ya asidi ya hidrokloriki ya molari 1, na usome kwenye nanomita 220 na 275 kwa kiveti (kichupa cha kushikia sampuli) cha kwatzi. Cha kioo au plastiki ya kawaida hufyonza miale hiyo. Nitrati hufyonza mwanga kwenye 220 lakini si kwenye 275, ilhali uchafu wa mboji hufyonza kote kuwili, kwa hiyo toa mara mbili ya usomaji wa 275 kutoka ule wa 220. Ukiona kinachotolewa kimezidi asilimia 10 ya usomaji wa 220, maji hayo hayafai kwa njia hii na yarudi kwenye njia ya rangi. Mto wenye maji ya kahawia usijaribu kabisa. Mmumunyo sanifu ni nitrati ya potasiamu iliyokaushwa kwa nyuzi 105, gramu 0.7218 kwa lita, ambayo ni miligramu 100 za nitrojeni, na mstari wa ulinganisho usipite miligramu 7 kwa lita.

Chukua kisima kifupi kilicho mita chache kutoka choo cha shimo. Maji yake yalipunguzwa nguvu mara 5, yakasoma 0.770 kwenye 220 na 0.015 kwenye 275. Baada ya masahihisho inabaki 0.740, na kama mstari unapanda 0.264 kwa kila miligramu, tunapata 2.80, mara 5, yaani miligramu 14.0 kwa lita.

Namba hiyo isitoke maabara bila maneno yake. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, lakini hicho ni cha nitrati nzima, pamoja na oksijeni yake, wakati 14.0 yetu ni ya nitrojeni peke yake. Kuibadilisha zidisha kwa 4.43, nayo inakuwa 62. Anayesoma 14 akailinganisha na 50 atamwambia mama mwenye kichanga kwamba kisima ni salama, kumbe kimeshavuka. Kwa hiyo kwenye ripoti andika zote mbili, moja chini ya nyingine: nitrojeni ya nitrati miligramu 14.0 kwa lita, nitrati miligramu 62 kwa lita, na pembeni andika tarehe na saa sampuli ilipochukuliwa na ilipopimwa.